Nyiramana Anachagua Kamio

Asubuhi ya Kitshanga, mji wa milimani, huanza na ukungu na sauti za pikipiki. Nyiramana huwasha moto, huweka maharagwe jikoni, kisha huingia katika ghala lao la mbao. Huko anachagua viazi. Vizuri vinaingia katika mifuko. Vilivyochubuka vinabaki kuwa chakula cha nyumbani.

Mume wake anaitwa Habumugisha. Mtoto wao wa kwanza ni Cyusa, kwa hiyo majirani wanawaita Mama Cyusa na Papa Cyusa. Wanalima viazi mlimani, na wananunua viazi vya majirani. Kisha wanavipeleka Goma kwa kamio, yaani lori. Habumugisha mwenyewe ndiye shofere anayeiendesha.

Kamio yao ilikuwa ndogo, na ilikuwa imechoka. Ilipofika kwenye mlima, Habumugisha alikanyaga pedali ya mazutu, yaani dizeli, mpaka mwisho. Moshi mweusi ulijaa barabarani. Waliotembea kwa miguu walifunika pua. Kamio ilitambaa kama konokono, lakini ilikunywa mazutu kama ng'ombe wa kiangazi mtoni.

Siku moja ya mvua, kamio ilikufa katikati ya mlima. Turubai lilivuja. Viazi vilikaa humo, na maji yakaingia katika kila mfuko. Kamio nyingine ilipokuja kuvichukua, viazi vilikuwa vimeanza kunuka.

Majirani waliokuwa wamewapa viazi vya kulipwa baada ya soko walikuja kuuliza. Mmoja wao alikuwa Umuhoza, mjane mwenye shamba dogo karibu na kanisa. Hakugomba. Alisimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama Cyusa, musimu ujao nitakupatia tena viazi yangu, ao nitafute muntu mwingine?"

Siku hiyo Nyiramana hakula.

Jioni alimwambia mume wake, "Papa Cyusa, hatuwezi kuendelea hivi. Tuuze ng'ombe, tununue kamio ingine."

"Zote?"

"Zote. Tukibaki na hii kamio, ng'ombe pia zitaisha, pole pole."

Habumugisha alitoka kuwatazama zizini. Ng'ombe hao aliachiwa na baba yake. Mwisho alikubali. Kaka yake mkubwa, Tumukunde, aliuza pia wa kwake ili waungane. Sasa mali yote ya familia mbili ilikuwa inangoja kuingia katika kamio moja.

Habumugisha alienda Goma kutafuta. Alirudi akicheka.

"Nimeiona," alisema. "Iko nyekundu, inang'aa. Iko kichwa mukubwa cha kuvuta remoki. Moteri yake iko na farasi mingi, kupita kamio zote za hapa. Njo ile nataka, ndiyo hiyo hasa."

Remoki ni lile gari refu la mizigo lisilo na moteri, yaani injini. Kichwa ndicho kinachoivuta, na nguvu za moteri yake huhesabiwa kwa farasi. Familia yao haikuwahi kuwa na kitu kikubwa hivyo. Siku ya Mungu, baada ya misa, Habumugisha aliwaambia watu wote kuhusu kichwa chekundu. Watu walimpongeza, na yeye akatembea kama mtu aliyekwisha kukinunua.

Nyiramana alifurahi, lakini hakutulia. Alikwenda kwa jirani yao Elisabeth.

Elisabeth alizaliwa Walikale, kule msituni. Kwa miaka mingi aliendesha kamio za mafuta ya mawese katika barabara ambazo madereva wengine walizikataa. Ana sauti kubwa, na anacheka kwa urahisi. Kitshanga yote inamjua.

"Dada Elisabeth," Nyiramana alisema, "tunataka kununua kamio. Mimi sijui kitu juu ya moteri. Lakini sitaki kununua rangi."

Elisabeth alicheka. "Hilo njo neno la kwanza la muntu mwenye kujua. Nitaenda pamoja nanyi."

Habumugisha hakupenda sana. Aliona kama mke wake hamwamini. Lakini Elisabeth alimsalimia kwa heshima, akamwomba amwonyeshe kamio aliyoipenda. Habumugisha akalainika. Wakaenda Goma wote watatu.

Muuzaji aliitwa Zéphyrin. Kiwanja chake kilikuwa na kamio nyingi zilizotumika, zimepangwa juu ya mawe meusi ya volkano. Kichwa chekundu kilikuwa mbele kabisa. Kilikuwa kimeoshwa, na magurudumu yamepakwa rangi nyeusi.

"Karibuni," Zéphyrin alisema. "Papa, nilikuwekea. Kuna wengine wanaitaka."

Elisabeth hakutazama rangi. Alifungua sehemu ya moteri, akaweka mkono juu yake.

"Mama Cyusa, weka mukono hapa. Unasikia nini?"

"Iko na moto," Nyiramana alisema.

Elisabeth alimgeukia muuzaji. "Papa Zéphyrin, mulienda nayo wapi leo?"

"Hakuna. Tuliiwasha kidogo tu, kusudi musingoje."

"Asante. Lakini moteri yenye moto inaficha ugonjwa. Tunataka kuiona ikiwa baridi. Tutarudi kesho asubuhi. Tafadhali, muntu asiiwashe mbele ya sisi kufika."

Walipotoka nje, Habumugisha alinung'unika. "Kesho itakuwa imeuzwa."

"Ikiuzwa, itakuwa imeuzwa," Elisabeth alijibu. "Kamio ziko mingi. Ng'ombe zenu haziko mingi."

Walilala kwa shangazi wa Nyiramana. Asubuhi walirudi. Nyiramana aliweka tena mkono juu ya moteri. Ilikuwa baridi.

"Sasa washa," Elisabeth alisema.

Mfanyakazi wa kiwanja aliwasha. Moteri ilikataa. Akajaribu tena, na tena. Mwisho ilinguruma, na moshi wa rangi ya buluu ukatoka nyuma. Wakangoja. Moshi haukuisha.

"Moshi unasema," Elisabeth alieleza. "Wa buluu unasema moteri inakula mafuta yake yenyewe, yale ya kulainisha. Ndani imelika. Mweusi unasema mazutu iko mingi kupita hewa, kwa hiyo sehemu moja haiungui, inatoka bure. Mweupe, ukiwa kidogo asubuhi na ukaisha, si mbaya. Ukiendelea, kuna maji inaingia, ao mazutu haiungui vizuri."

Kisha alifungua kifuniko cha pale mafuta ya moteri yanapomiminwa. Moteri ilikuwa inazunguka bado. Moshi ulipuliza kwa nguvu kutoka katika tundu, puu, puu, kama mtu anayehema.

"Hiyo pumzi ingefaa kusukuma kamio," Elisabeth alisema. "Lakini inatorokea hapa. Farasi mingi zimeandikwa kwa mulango. Ndani hazimo tena."

Habumugisha aliinama kutazama lile tundu.

"Kuna neno lingine," Elisabeth aliendelea. "Hata ingekuwa na afya, haiko ya barabara yenu. Ngoja niwaonyeshe."

Alichukua chaki. Akachora alama juu ya gurudumu la nyuma. Akachora nyingine juu ya ule mti wa chuma unaotoka kwenye moteri na kwenda kuzungusha magurudumu. Akamwomba mfanyakazi asogeze kamio pole pole sana. Nyiramana alichuchumaa kando, mbali kidogo, akiangalia alama zote mbili.

"Gurudumu limezunguka mara moja," Elisabeth alisema. "Ule mti umezunguka mara ngapi?"

"Mara mbili na nusu, kupita kidogo."

"Sawa. Kamio kama hii ilitengenezwa kwa lami. Gurudumu linakimbia, moteri inazunguka kidogo. Kwa lami ndefu, iliyo sawa, inakula mazutu kidogo. Lakini kwa mulima wenye tope, haina nguvu ya kuanza. Utachoma ambreyaji, ile klachi, na mazutu itaisha. Tena inasukuma na magurudumu ya mustari moja tu. Mengine inayabeba bure."

"Na farasi?" Habumugisha aliuliza kwa sauti ndogo. "Farasi si njo nguvu?"

"Kaka, fikiri hivi. Kuna kijana mwenye kukimbia mbio, mikono mitupu. Na kuna mama mwenye kupanda mulima na mufuko wa viazi kwa mugongo, pole pole, bila kusimama. Wote wako na nguvu. Farasi nyingi ni kwa kukimbia na muzigo muzito. Lakini ninyi hamuwezi kukimbia mule njiani. Mnataka ile nguvu ya kuvuta, ile inatoka wakati moteri inazunguka pole. Muangalie hiyo kwanza, kisha njo muangalie farasi."

Habumugisha alitoka, akasimama karibu na geti. Nyiramana alimfuata.

"Nilisha kuambia kanisa yote," Habumugisha alisema. Macho yake yalikuwa chini. "Watasema nini?"

"Kanisa haitavuta viazi, Papa Cyusa. Ni wewe utakaa kwa usukani. Unataka kukaa katika ile ya moshi wa buluu?"

Alitikisa kichwa. "Hapana."

"Basi turudi. Uulize wewe mwenyewe."

Habumugisha alirudi, akamwambia muuzaji, "Papa Zéphyrin, tunatoka Kitshanga. Tunabeba viazi kwa milima na kwa tope. Uko na kamio ya kazi hiyo?"

Zéphyrin aliwatazama. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

"Watu wanafika hapa, wananiuliza rangi na farasi," alisema. "Haiko mingi wenye kuniuliza barabara. Mungeniambia jana. Kujeni."

Aliwapeleka nyuma kabisa. Pale kulikuwa na kichwa cha rangi ya vumbi. Mlango mmoja ulikuwa wa kijani, umetoka kwa kamio nyingine. Nyiramana alijizuia asicheke. Karibu yake kulikuwa na remoki fupi.

"Ufupi ni muzuri kwa kona zenu," Elisabeth alisema. "Sasa, Mama Cyusa, nianze wapi?"

Nyiramana alikuwa amekwisha kuweka mkono. "Iko baridi," alisema. "Washa."

Moteri iliwaka mara moja. Moshi mweupe kidogo ulitoka, kisha ukaisha. Habumugisha mwenyewe alifungua kifuniko cha mafuta. Pumzi ilikuwa ndogo sana. Alitazama chini ya kifuniko.

"Kama kungekuwa na kitu cheupe hapo, kama maziwa," Elisabeth alisema, "maji ingekuwa imeingia katika mafuta. Tungeenda nyumbani."

Hakukuwa na kitu cheupe. Wakachora chaki tena. Kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, mti wa chuma ulizunguka zaidi ya mara nne. Na magurudumu ya mistari miwili ya nyuma yalisukuma, si ya mstari mmoja.

"Kwa lami hii ingekula mazutu kupita ile nyekundu," Elisabeth alisema. "Nawaambia ukweli. Lakini kwenu hakuna mahali pa kukimbia. Kwenu inafaa hii."

Kisha aliingia chini ya kamio. Alipiga vyuma virefu vya chini kwa nyundo ndogo, akisikiliza. Alitafuta mahali palipopasuka au palipochomelewa. Alitoka na vumbi katika nywele.

"Hakuna mupasuko. Lakini magurudumu mawili ya mbele yamelika upande moja. Papa Zéphyrin atayabadilisha na kunyoosha, ao bei itashuka. Na tutaijaribu na muzigo. Kamio tupu haisemi ukweli."

Zéphyrin alikubali yote mawili. Alikuwa na mteja wa mawe ya kujengea huko Sake. Wakajaza remoki mawe meusi. Elisabeth akaweka sharti moja zaidi: tangi la mazutu lijazwe mpaka shingoni, kila mtu aone.

Habumugisha alishika usukani. Elisabeth na Nyiramana walikaa kando yake. Njia ya kwenda Sake ilikuwa rahisi. Baada ya Sake, mlima ulianza.

Habumugisha alifanya kama alivyozoea. Alikanyaga mpaka mwisho. Moteri ililia. Moshi mweusi ukaonekana katika kioo.

"Inua mguu," Elisabeth alisema.

"Itasimama."

"Haitasimama. Tazama hii saa. Inaonyesha moteri inazunguka namna gani. Unaona rangi ya kijani? Mushale ukae hapo. Ukitoka kwenda juu, badilisha vitesi, yaani gia. Usipige moteri kelele. Iache ivute."

Habumugisha aliinua mguu. Alichagua vitesi vya chini. Mshale ukashuka, ukakaa katika kijani. Kamio haikusimama. Iliendelea kupanda, pole pole, kwa sauti nene na ya chini, mawe yote nyuma yake. Kona moja ikapita, nyingine ikapita. Habumugisha alikaza macho mbele.

"Inavuta," alisema. Baadaye akasema tena, "Mama Cyusa, inavuta."

Lakini Nyiramana alikuwa anatazama kioo. "Dada, moshi mweusi umepungua, lakini haujaisha. Hewa iko kidogo?"

Elisabeth alimgeukia kwa furaha. "Umesikia vizuri jana na leo. Simama hapa juu, kaka."

Walifungua chujio la hewa. Lilikuwa limejaa vumbi, jeusi kabisa. Moteri ilikuwa inapumua kama mtu mwenye kitambaa puani. Walishuka polepole mpaka Sake, wakampigia Zéphyrin simu, naye akatuma chujio jipya kwa pikipiki. Wakapanda tena na mawe yote. Safari hii nyuma yao kulikuwa na vumbi la barabara tu.

Wakati wa kushuka, Elisabeth alimwonyesha Habumugisha jambo lingine. "Usikae juu ya freni, zile breki, mulima muzima. Zitashika moto, na utazikosa. Shuka na vitesi vya chini, inua mguu kabisa, na utumie freni ya moteri. Wakati huo moteri hainywi mazutu hata kidogo."

Walishusha mawe kwa mteja Sake, na walipofika Goma walijaza tena tangi mpaka shingoni, kwa bidoni, yaani madumu, mbele ya wote. Mazutu waliyorudisha ndiyo kamio ilikuwa imekunywa. Habumugisha alitazama bidoni, akatazama mke wake. Kamio yao ndogo, kwa njia hiyo hiyo, ilikunywa karibu mara mbili, na haikuwahi kubeba mzigo kama ule.

"Namna gani kamio kubwa ikule kidogo kuliko ndogo?" aliuliza.

"Ile ndogo mulikuwa munaiua," Elisabeth alijibu. "Muzigo ulikuwa mukubwa kwake, kwa hiyo ilikula kila kitu na haikuenda. Lakini musikie vizuri. Hii pia, mukiitembeza bila muzigo, mutapata hasara. Ikienda, iende imejaa."

Kabla ya kulipa, Habumugisha aliuliza swali la mwisho, lake mwenyewe, juu ya vipuri. "Piyesi zake ziko wapi?"

"Hapa Goma, na Bukavu," Zéphyrin alisema. "Kila mekanisie, kila fundi, anaijua."

Nyiramana ndiye aliyesema, "Tunaichukua."

Walipoingia Kitshanga, watu walitoka kuona kichwa chekundu. Waliona kamio ya vumbi yenye mlango wa kijani. Wengine walicheka. Tumukunde, yule kaka mkubwa, alizunguka kamio mara mbili, uso wake umekunjamana.

"Ng'ombe zangu njo hizi?" aliuliza.

Habumugisha hakuona haya. Alimpandisha kaka yake ndani, akampeleka juu ya mlima na mzigo wa mbao, akamwonyesha mshale katika kijani. Tumukunde alishuka akiwa mtu mwingine. Jioni hiyo yeye ndiye aliyewaeleza majirani juu ya moshi wa buluu.

Mvua za mavuno zilipofika, viazi vilijaa kila nyumba. Njia ilikuwa tope tupu. Umuhoza alileta mifuko yake yote, na hakuuliza kitu. Wengine walifuata. Remoki ilijaa mpaka turubai likafungwa kwa taabu. Nyiramana alipanda mbele, kando ya mume wake.

Kwenye mlima ule mbaya, kamio tatu zilikuwa zimesimama kando, magurudumu yamezama. Shofere mmoja alipunga mkono: "Papa, rudi. Leo haipitiki."

Habumugisha alisimamisha kamio chini ya mlima. Alishuka, akatembea juu ya njia kwa miguu, akaona mahali penye mawe. Akarudi, akaweka vitesi vya chini kabisa. Hakukanyaga sana. Mistari miwili ya magurudumu ikauma tope. Kamio iliteleza kidogo, ikashika, ikapanda. Wanaume waliokuwa kando ya njia walianza kutembea pamoja nayo, kisha wakaanza kuimba kama wanavyoimba wakivuta mti mkubwa. Walipofika juu, wote walipiga makofi. Nyiramana aligundua kwamba alikuwa anaimba pia.

Habumugisha hakuondoka. Alifunga mnyororo, akazivuta zile kamio tatu, moja baada ya nyingine, mpaka pakavu. Kisha msururu wa kamio nne ukashuka kuelekea Sake, na ya vumbi ilikuwa mbele.

Walifika soko la Goma mchana. Viazi vilikuwa vigumu na vikavu, kama vilivyotoka shambani. Akina mama wauzaji walizunguka remoki. Mifuko ilianza kushuka hata kabla ya Habumugisha kuzima moteri. Jua lilipoanza kulegea, remoki ilikuwa tupu.

Nyiramana alipiga simu nyumbani. Tumukunde alijibu.

"Mumefika wapi? Mumelala njiani?"

"Tumeuza yote," Nyiramana alisema. "Ambia Umuhoza na wengine wafunge mifuko ingine. Tunapakia sukari na chumvi ya maduka ya Kitshanga, tusirudi tupu. Kesho tuko kwenu."

"Basi mungoje kidogo, muweke kwanza mazutu."

Nyiramana alitazama mshale wa tangi. Habumugisha alikuwa anatazama huo huo, anatabasamu.

"Hakuna haja, shemeji," Nyiramana alisema. "Iko ya kutosha kurudi."